Majigambo Yanakesha Matangani, Darasani Yamelala

Walimu wa Kiswahili katika kaunti za Migori na Homa Bay wana bahati ambayo wengi wao hawaitumii. Jumatatu asubuhi mwalimu huingia darasani, akaandika ubaoni neno "majigambo", akatoa maana, sifa na mifano kutoka kitabuni, na wanafunzi wakanakili. Ilhali usiku wa Ijumaa iliyotangulia, mwendo wa robo saa tu kutoka shuleni, palikuwa na matanga, palikuwa na bendi, na watu wazima wenye akili zao timamu walikuwa wakiinua noti juu ili wapewe nafasi ya kujigamba mbele ya umati. Wanafunzi walisikia kila neno, kwa kuwa vipaza sauti vya siku hizi havijui mpaka wa boma. Baadhi yao walikuwako hasa, ingawa ukiwauliza hakuna atakayekubali.

Nakusudia kuzungumzia bendi hizo, namna zilivyoinuka, na kile kinachotendeka zinapopiga mbele ya watu. Maana naona tunaelekea mahali ambapo zitabaki ndani ya simu tu, na jambo lililozikuza litakuwa limetoweka bila ya mwalimu hata mmoja kulinakili.

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna fahari kubwa ya bendi huru, yaani zile zinazochipuka nje ya makampuni makubwa ya muziki, zikarekodi kwa fedha zao au kwa kampuni ndogo, zikasifika kwa mdomo wa shabiki mmoja hadi mwingine. Vijana wetu husoma habari hizo kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Lakini benga ilizaliwa hivyo hivyo. Chukua mfano wa Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Shirati, upande wa Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Muhuru Bay. Alivuka akaja Kenya, na katikati ya miaka ya 1960 akaanzisha kikundi kilichobadili jina mara kadhaa hadi kikatulia katika jina la Shirati Jazz. Hakuwa na kampuni kubwa ya kumbeba. Alikuwa na gita, ulimi mkali, na wasikilizaji waliomfuata kutoka ukumbi hadi ukumbi. Aliwasema watawala kwa mafumbo ya wanyama, akakamatwa zaidi ya mara moja, akaendelea kupiga hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 2006. Wapenzi wake walimwita Mfalme wa Historia, na sidhani kwamba walitia chumvi.

Kuhusu asili ya jina benga kuna mabishano ya wazee ambayo sitayaingilia. Lililo wazi ni namna muziki wenyewe ulivyoundwa. Gita la mbele halipigi kiitikio cha kupita tu. Linaifuata sauti ya mwimbaji neno kwa neno, kisha likaipokonya. Ni nyatiti iliyohamia kwenye umeme. Mpiga nyatiti mwenye nyuzi zake nane, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ya kugongea ubao wa ala, alikuwa bendi nzima peke yake. Benga ilimgawanya mtu huyo mmoja katika watu wanne au watano: gita la solo, la ridhimu, la besi, ngoma na waimbaji. Nao ulipofika wakati wa santuri ndogo za inchi 7, wimbo mmoja ulikatwa ukawekwa pande mbili. Upande wa kwanza maneno, upande wa pili magita yakijibizana kwa kasi. Mtu aliyeununua mjini Rongo au Oyugis alijua kwamba upande wa pili ndio wa kuchezea.

Santuri hizo zilisafiri mbali kuliko waliozipiga. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, aliyekuja kuwa mbunge, alizisambaza hadi kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe watu wakauita muziki wote wa namna hiyo "kanindo". Lebo yake nyingine iliitwa Sungura, na leo sungura ni jina la mtindo mzima wa muziki wa Zimbabwe. Ndugu msomaji, ni wanafunzi wangapi wa kidato cha nne mjini Awendo wanaojua kwamba muziki wa babu zao uliipa nchi nyingine jina la mtindo wake? Si kosa lao. Hakuna aliyewaambia.

Mfano wa karibuni zaidi ni bendi iliyoitwa Extra Golden. Mmarekani Ian Eagleson alikuja Nairobi kuufanyia benga utafiti wa chuo kikuu, akakutana na mpiga gita na mwimbaji Otieno Jagwasi katika kumbi ambako Waluo wa jijini walikuwa wakikesha. Mwenzake Eagleson, Alex Minoff, alipokuja mwaka 2004 walikaa pamoja wakarekodi kwa vyombo vilivyokuwapo. Jagwasi alifariki mwaka 2005 kabla albamu hiyo haijatoka. Ilipotoka mwaka 2006 kwa kampuni ndogo ya Thrill Jockey ya Chicago, ilikuwa na jina la Kijaluo, Ok-Oyot System, na "ok oyot" maana yake ni "si rahisi". Mwaka huo huo bendi ilialikwa kwenye tamasha mjini Chicago, na wanamuziki kutoka Kenya wakakwama kwenye viza hadi ofisi ya seneta mmoja aitwaye Barack Obama ilipoingilia kati. Walimshukuru kwa njia wanayoijua, yaani walimtungia wimbo na kumtaja kwa jina. Albamu mbili zaidi zilifuata, ya mwisho mwaka 2009.

Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliisikiliza kwa makini bendi hiyo ya benga iliyochanganyika na roki. Mimi kinachonivutia ni kile kitendo cha shukrani. Kumtaja mtu ndani ya wimbo kwa sababu amekusaidia si adabu ya Chicago. Ni adabu ya matangani, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Asiyepata kuhudhuria huenda akadhani kwamba bendi ya benga au ya ohangla hupiga nyimbo zake, watu wakacheza, wakapiga makofi, wakaenda zao. Sivyo. Hebu fikiria usiku wa matanga katika kijiji cha Ndhiwa, au Karungu, au nje kidogo ya Mbita. Hema limesimamishwa, jenereta inanguruma nyuma ya jiko, wanamuziki wameketi kwenye viti vya plastiki. Saa za mwanzo ni za upole. Wazee wako mbele, na bendi hupiga nyimbo za taratibu ambazo hata mchungaji anaweza kuzivumilia. Kama ni siku za mbalamwezi, wavuvi wa omena wako pwani bila kazi, kwa maana taa zao haziwavuti samaki mwezi unapong'aa, kwa hiyo umati huwa mkubwa zaidi. Kama ni mwisho wa mwezi, walimu nao wamelipwa. Nalisema hili kwa heshima zote za taaluma.

Kisha usiku unaiva. Gita la solo linaanza kupanda, besi inasukuma, na mtu mmoja ananyoosha mkono wenye noti. Papo hapo bendi inashusha sauti. Besi inabaki ikipapasa chini chini, ngoma zinasubiri. Mtu huyo anapewa kipaza sauti, na sasa bendi yote ni yake kwa muda wa pumzi chache. Tuseme anajinadi hivi: "Simamisha gita! Mimi ndiye mvua ya Ndhiwa, nanyesha bila ngurumo. Wakwe zangu wako Karungu, wanakula samaki kabla jua halijachomoza. Nipigieni na rafiki yangu mwalimu wa hesabu, yule anayehesabu nyota akapata ziada." Ngoma zinapasuka, noti inaingia kwenye kikapu, watu wanashangilia, magita yanarudi. Kabla hayajafika mbali, mkono mwingine umeinuka upande wa pili wa hema: "Mvua isiyo na ngurumo, jirani atajuaje kuanua nguo?" Umati unaangua kicheko, na yule wa kwanza anatafuta noti nyingine mfukoni.

Hiyo ndiyo pakruok, nalo ni neno linalotokana na kusifu. Mfano nilioutoa nimeutunga kwa Kiswahili ili ueleweke, na kwa Kijaluo huwa na utamu ambao siwezi kuuvusha. Lakini itazame kama mwalimu wa fasihi. Mna istiari mle. Mna chuku. Mna nasaba, kwa sababu mtu hajitaji peke yake kamwe: yeye ni wuod fulani, mwana wa fulani, au nyar mahali fulani, binti wa huko, na shemeji wa wengine. Mna fanani na hadhira wanaobadilishana nafasi kila dakika, jambo ambalo vitabu vyetu hulitaja kwa sentensi moja kavu. Tena mna kitu ambacho vitabu havinacho kabisa. Majigambo ya kitabuni ni ya shujaa anayesimulia matendo yake makuu, simba aliyemuua na vita alivyopigana. Majigambo ya matangani ni ya mwendesha bodaboda, mama muuza samaki na karani. Kwa shilingi hamsini mtu yeyote anakuwa shujaa kwa nusu dakika, kwa sharti moja tu, kwamba aseme jambo lililosemwa vizuri. Akisema vibaya, umati utanyamaza, na hakuna alama sifuri inayouma kama kimya cha umati wa matanga.

Je, tuyaweke wapi maneno haya katika silabasi? Yanapojitukuza ni majigambo. Yanapojibizana ni malumbano ya utani. Yanapomtaja marehemu, akasifiwa kwa ukarimu au akachekwa kwa ubahili wake, yanaingia katika tanzu za mazishi. Mwanafunzi aliyeyasikia anaweza kuandika kuhusu mwingiliano wa tanzu katika mtihani wa Fasihi kwa mifano hai, na mtahini akaburudika.

Wapo watakaoona ni aibu kuleta muziki kwenye msiba. Wanaosema hivyo aghalabu hawaujui msiba wa Wajaluo. Desturi ya tero buru, ya kukifukuza kifo kwa vishindo, ni ya kale kuliko jenereta. Mkesha ulihitaji kitu cha kuwaweka watu macho, na fedha za pakruok mara nyingi husaidia gharama za mazishi. Mjane aliyeona kikapu kikijaa hataniambia kwamba bendi ilimvunjia heshima.

Lakini kuna upande wa pili, na mwalimu asiyeusema atakuwa hana haki ya kusikilizwa. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, takriban 23 walikuwa wamewahi kushika mimba katika kaunti ya Homa Bay, na idadi ni hiyo hiyo Migori. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 15. Sisemi kwamba bendi ndizo zilizosababisha. Umaskini, biashara ya samaki ufuoni na ukosefu wa karo vina sehemu kubwa. Hata hivyo, usiku wa disko matanga, wenye giza, pombe na wanaume wenye noti, si mahali pa mtoto wa shule. Wakuu wa utawala wamezipiga marufuku disko hizo mara kadhaa. Mimi naliunga mkono katazo hilo kwa wanafunzi bila kigugumizi, hata kama najua kwamba utekelezaji wake hulegea kila chifu anapofiwa.

Ninachouliza ni hiki: tukishamtoa mtoto hemani, tumempa nini badala yake? Tumempa simu. Humo anaupata muziki wa Migori na Homa Bay kwa wingi kuliko wakati wowote, lakini umegeuka. Katika nyimbo nyingi zinazorekodiwa sasa, sifa zimeshalipiwa kabla gita halijawashwa. Mfadhili ametoa fedha zake, mwanasiasa ametoa zake, na majina yao yamepangwa moja baada ya jingine kama orodha ya waliochangia harambee. Hakuna mkono unaoinuka upande wa pili kuuliza habari za nguo. Pakruok imebaki nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ile mbaya, yaani sifa isiyoweza kujibiwa. Mwanafunzi anayekua akisikiliza hayo tu atajifunza kwamba kusifiwa ni kitu cha kununua, na kwamba mwenye fedha hachekwi. Misiani aliingia matatani kwa kuwacheka wenye nguvu. Leo mwanamuziki kijana anaishi kwa kuwaimba.

Sitaki nieleweke kwamba nawalaumu wanamuziki. Wengi wao hawana hata gita wanalopiga; vyombo ni vya tajiri, nao hulipwa kwa usiku. Wimbo ukitoka leo, kesho unauzwa ndani ya kadi ya simu mjini kwa bei ya andazi. Mwaka 1997 tulimpoteza Okatch Biggy, mwaka uliofuata Ochieng Kabaselleh, mwaka 2011 Musa Juma, na mwaka 2022 Lady Maureen wa Migori, mwanamke aliyesimama mbele ya ngoma za ohangla zilizokuwa za wanaume na akaitwa malkia. Kila mmoja alipoondoka, magazeti yaliandika kwa siku chache. Kisha shughuli nzima ya kuhifadhi kazi zao ikaachiwa watu wachache kama Ketebul Music ya Nairobi, ambao mwaka 2008 walitoa kitabu na filamu kuhusu historia ya benga. Kitabu hicho kiko katika maktaba ya shule gani kati ya Isebania na Kendu Bay? Mwenye jibu aniandikie.

Sasa basi, pendekezo langu. Kila shule hapa ina siku ya kuwatuza wanafunzi, na shule nyingi siku hiyo hukodi mtu wa kupiga muziki wa kopi. Fedha hizo hizo, au zaidi kidogo, zinaweza kuleta bendi ndogo ya karibu kwa saa tatu za alasiri. Ipige kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, jua likiwaka, wazazi wakiwapo, bila pombe. Tamasha la utamaduni la Rusinga, linalofanyika kila Desemba, linaonyesha kwamba nyimbo na ngoma hizi hazihitaji giza. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, walimu wa Kiswahili na wa Kijaluo wawafunze wanafunzi muundo wa pakruok na kuwataka kila mmoja atunge yake. Siku ikifika, mwanafunzi ataruhusiwa kusimamisha gita kama watu wazima wanavyofanya, ila hatalipa kwa noti. Atalipa kwa tungo. Umati ukishangilia, bendi itapiga. Umati ukinyamaza, atakaa chini na kumpisha mwingine. Na ni lazima ruhusa ya kujibu iwepo, kwa sababu bila jibu hakuna pakruok.

Mtaala wa umilisi, uliotenga mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, unamtaka mwanafunzi atende badala ya kukariri. Siwezi kufikiria somo linalofaa zaidi. Na kwa shule za upande wa Kuria, ambako si benga wala ohangla bali litungu, mpango ni ule ule kwa ala nyingine. Habari za litungu zinastahili makala yake.

Najua pingamizi la kwanza litatoka wapi. Mwenyekiti wa halmashauri ya shule atasema kwamba wanafunzi watatukanana hadharani. Watataniana, ndiyo, na hapo mwalimu atakuwa na kazi ya kuwaonyesha mpaka kati ya utani na tusi, mpaka ambao wazee wa hemani wanaujua vizuri sana na ambao hakuna kitabu kinachoweza kuuchora. Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Siku kama hiyo haitakosa mheshimiwa atakayefika na msafara wake, akaona vijana wanapewa kipaza sauti, naye akatoa noti ya elfu moja ili asifiwe. Mwalimu mkuu atakayemwambia kwa adabu, "Mheshimiwa, hapa tunalipa kwa maneno, tafadhali tunga yako," nitampanda basi kwenda kumwona, hata kama shule yake iko Muhuru.